Damu ya Tatu

Kipini, tarehe 9 Mfungo Mosi 1314

Kwa dada yangu Mwanahamisi, aliyeko Wema kwenye ukingo wa Tana. Pokea salamu zangu na za mama, na za kila aliyepita barazani akaniona nimeshika kalamu, maana kila mmoja amesema, "Na mimi nisalimie." Nikiwataja wote karatasi itakwisha.

Sisi hatujambo. Mama mguu wake unamsumbua, lakini mdomo ni mzima. Ami Swaleh amenunua mtumbwi mkubwa wa kupakia nafaka, na tangu baba afariki hajawahi kufurahi hivi. Humwonyesha kila mtu, hata watoto.

Mimi nimetoka chuoni. Mwalimu wetu Mwana Esha alinisomea dua ya kukhitimu Kurani, mama akapika halua, wanawake wakanipigia vigelegele. Nilipoona wote wananitazama mimi, nilimwaga sharubati kwenye nguo ya jirani.

Dada, kuna neno lililonifanya nianze barua hii, na nimelikwangua mara nyingi. Ramadhani iliyopita nilikula mchana kwa mara ya kwanza tangu nianze kufunga. Unajua sababu. Nilijificha nyuma ya mlango wa jiko na ndizi moja, nikawa natafuna polepole ili isisikike, kana kwamba ndizi ina sauti. Mama akanikuta. Akasema, "Kula vizuri, mwanangu, wewe si mwizi." Nikalia.

Chuoni tulisoma kitabuni mlango wa hedhi. Mwana Esha alitangulia, sisi tukafuatiza, tukaziimba kanuni zote mpaka zikakaa kichwani. Hakuna msichana aliyeuliza hata swali moja. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, ushungi umefika puani.

Kwa hiyo kanuni naijua, lakini jambo lenyewe silijui. Kwa nini damu ile huja mwezi kwa mwezi? Na zile siku nyingine ambazo haionekani, mji wa mimba unafanya nini humo tumboni? Umelala? Nimemuuliza mama. Akaniambia, "Utajua ukiolewa." Wewe umeolewa mwaka wa nne huu, basi nakuuliza wewe. Ukiona ni aibu kujibu, niandikie habari za mpunga tu, nitaelewa.

Msalimie shemeji Komora, na mama yake, mavyaa wako Bi Tuneya.

Mdogo wako, Mwanaarusi


Wema, tarehe 4 Mfungo Pili 1314

Mwanaarusi, kipenzi cha nyumba yetu, Mungu akutunze wewe na mama. Barua yako imefika ikinuka papa. Dukicha aliiweka chini ya mzigo wa samaki mkavu kwenye mtumbwi wake, akaniambia hapo ndipo mahali salama. Niliianika juani kutwa kabla sijaweza kuisogeza karibu na uso. Siku hizi harufu ya samaki inanigeuza tumbo. Mtoto wa Kipini, kuchukia samaki! Watu wa huku wakisikia watanicheka.

Mimi mzima. Nimehamia chumba cha nyuma, kile cha kuwekea mpunga, kwa kuwa kina hewa. Panya nao wamekipenda kwa sababu hiyohiyo. Bi Tuneya hajambo. Sauti yake akiita kuku inafika ng'ambo ya pili ya mto. Mvua zimeanza huko juu, maji yamebadilika rangi, na watu wameanza kuwaondoa mbuzi mabondeni.

Hongera kwa kukhitimu. Mimi siku yangu nilikanyaga ushungi wangu nikaanguka, kwa hiyo sharubati si kitu.

Swali lako si la aibu. Nitakujibu kwa ninayoyaona, maana hakuna aliyenifundisha mimi pia. Watu wa hapa hawalimi kwa mvua, hulima kwa mto. Mto ukifurika, huacha udongo mpya juu ya kingo, mweusi, laini kama samli. Maji yakishuka, kuna siku chache ambazo ukingo uko tayari. Ukitia mbegu mapema, inaoza. Ukichelewa, udongo umekauka na kupasuka. Na kama hakuna aliyepanda, mafuriko yajayo huuchukua udongo ule wa zamani na kuleta mwingine.

Nadhani mji wa mimba ndivyo ulivyo. Kila mwezi hutandaza udongo wake mpya ndani. Mbegu isipokaa, huumwaga, na huko kumwaga ndiko sisi tunakokuita siku zetu. Kwa hiyo hujaugua, wala si mchafu wa kujificha nyuma ya mlango. Tumbo lako limeanza kulima.

Langu limelima miaka minne. Basi, hilo tuliache.

Mwambie mama aukande mguu kwa mafuta ya ufuta yenye moto.

Dada yako, Mwanahamisi


Kipini, tarehe 21 Mfungo Pili 1314

Dada Mwanahamisi, unayejibu maswali ambayo wengine huyakimbia, Mungu akupe afya. Mama amekandwa kwa mafuta ya ufuta na sasa anatembea mpaka kisimani kwenda kugombana, kwa hiyo majirani wanakulaumu wewe. Ami Swaleh bado anautazama mtumbwi wake kama mchumba.

Maneno yako ya udongo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea. Nikaenda nayo kwa Mwana Esha, kwa kuwa, kama ujuavyo, akishafunga chuo chake ndiye mkunga wetu pia. Nilifika, nikakaa, nikachukua ungo nikamchambulia mchele. Nikachambua, nikachambua. Mwishowe akasema, "Mwanaarusi, huo mchele hauna jiwe tena tangu zamani. Sema lililokuleta."

Nikasema, nikiutazama mchele.

Hakunicheka. Akasema udongo wa mto ni mfano mzuri, lakini udongo umetulia tu, na mji wa mimba uko hai. Mwanamke akishatoharika hedhi, ngozi yake ya ndani huwa nyembamba, kama ardhi iliyofagiwa. Halafu hunenepa. Halafu mji wote hunona, ukawa na majimaji yake kama tunda. Katika kunona huko kuna siku chache tu ambazo unaweza kumshika mgeni. Zikipita, unaanza kuchoka, na mwisho ngozi ile inabanduka. Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Nimezalisha, na nimewaosha walioharibikiwa, na macho yangu hayakuwa yamefumba. Lakini kinachougeuza humo ndani sikioni. Naona tu kwamba umegeuka."

Siku ya pili nilikuwa namkaangia mama yai. Dada, umewahi kulitazama yai? Ute wake ni maji, unaona mpaka kitako cha chungu. Ukipata moto unakuwa mweupe na mgumu. Hakuna aliyetia kitu. Kilichougandisha kilikuwa humohumo tangu mwanzo, ila hakionekani mpaka wakati wake ufike. Nikafikiri: labda na mji wa mimba una vitu vya namna hiyo, vidogo, vilivyoyeyuka ndani yake. Vingine huamka siku hizi, vingine siku zile, na mbegu inahitaji ikute vile inavyovitaka viko macho. Hapo mama akapiga kelele kwamba yai linaungua. Lilikuwa limeungua kweli.

Kama ni hivyo, basi mwanamke aliyekaa muda bila kushika si lazima awe na ardhi mbovu. Pengine kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kinachelewa kuamka, na mwezi mmoja kitaamka. Sijui kama nasema kweli. Nasema ninavyotumaini.

Sasa ninaogopa, lakini naandika. Katika barua yako umemtaja Dukicha, umemtaja Bi Tuneya, umewataja kuku na mbuzi na panya. Shemeji Komora hukumtaja. Na Dukicha amemwambia mama, kwa furaha ya mtu aliyebeba habari, kwamba siku hizi una jiko lako peke yako. Mama hakulala vizuri. Kama sipaswi kuuliza, nisamehe. Kama napaswa, nijibu.

Mdogo wako anayekuwaza, Mwanaarusi


Wema, tarehe 12 Mfungo Tatu 1314

Mdogo wangu Mwanaarusi, salamu zikufikie ukiwa salama, nazo zimechelewa kwa kuwa mto umetufungia. Maji yalipanda mpaka yakaingia kwenye mabanda, na kule kwenye mfereji wa Belezoni magogo yalijazana hata mtumbwi haukupita. Dukicha alikaa hapa akila na kusimulia mpaka Bi Tuneya akamwombea dua maji yapungue. Sasa yanapungua.

Umeuliza, nami nilikuwa nimekusudia kutojibu. Lakini Bi Tuneya anamtuma Dukicha huyuhuyu kwa Ami Swaleh, mtajua nyote, na ni bora wewe ulisikie kwangu. Komora ameniacha. Ilikuwa mwisho wa Shaabani. Talaka moja.

Bi Tuneya alinikuta natwanga. Akasimama mbele yangu akasema, "Mwanangu anataka mtoto. Wewe miaka minne unatwanga kinu kitupu." Akanitajia mke wa pili aliyemwona, na jina la baba yake, na idadi ya ndugu zake wa tumbo moja. Nikautupa mchi. Komora aliporudi nikamwambia, "Ni yeye au mimi." Akasema, "Usinichagulie." Nikasema, "Basi chagua mwenyewe." Akachagua kwa hasira. Neno lilipomtoka, alinitazama kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyelisema.

Sheria umeisoma. Mke wa talaka moja hukaa eda katika nyumba ya mumewe mpaka aione damu ya tatu. Ndani ya muda huo mume akisema "nimekurejea," yamekwisha, ni mkewe. Damu ya tatu ikija, neno hilo halifai tena. Itakuwa posa mpya na ndoa mpya, na ruhusa ya Ami Swaleh aliye walii wangu. Na Ami, nasikia, fununu za Dukicha zimemtosha, ameshanipatia mchumba, mwenye duka huko Kau.

Komora hakusema. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta kitu: mkungu wa ndizi, kuni zilizopasuliwa, siku moja kigoda changu kimetiwa mguu mpya. Yeye mwenyewe simwoni. Na mimi sikwenda kumwomba. Nikimwomba anirejee, nitakuwa nimemwomba na yule mke mwenza aje.

Damu ya kwanza ilikuja Ramadhani, ya pili Mfungo Mosi. Ya tatu ilikawia, ikaja juzi. Zote zilikuwa kidogo, huzuni nadhani imeukausha mwili. Hii ya mwisho ilikuwa doa tu baada ya alasiri, hata magharibi haikuikuta. Lakini palepale nilimwita Bi Tuneya nikamwambia, "Imekuja." Unashangaa haraka hiyo? Nilikuwa nimemsikia akimwambia jirani kwamba naivuta eda makusudi ili niendelee kula mchele wao. Sivuti kitu mimi. Wasije wakasema binti wa Kipini alining'inia mlangoni kwa watu.

Kwa hiyo Ami atakuja kunichukua, nami nitafunga mzigo wangu. Usinililie. Nimechoka tu. Nina kizunguzungu, nalala mchana kama paka, na leso zinanibana kiunoni ingawa sili kitu. Qabale, yule mama wa Kiorma anayetuletea maziwa, hunitazama kama anavyotazama mtamba zizini, kisha hucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini. Akasema, "Namcheka ndama wangu."

Yale maneno yako ya yai nimeyapenda. Laiti ungeyaandika mwaka jana.

Dada yako, Mwanahamisi


Kipini, tarehe 20 Mfungo Tatu 1314

Dada Mwanahamisi, salamu zetu zote zipo, nitakuletea siku nyingine. Leo nazikata.

Usifunge mzigo. Damu hiyo ya tatu si hedhi.

Tuliiimba chuoni, nawe uliiimba kabla yangu: uchache wa hedhi ni mchana na usiku wake. Isiyotimiza hapo ni damu tu, na eda haiihesabu. Doa la alasiri lisilofika magharibi halikufungui. Ulilihesabu kwa kuwa uliogopa maneno ya watu, dada, si kwa kuwa lilitimia. Na zile mbili za mwanzo, ulizosema zilikuwa kidogo, zilikaa kiasi gani? Usinijibu mimi. Mjibu Mwana Esha, kwa kuwa atakuwa amekaa mbele yako wakati unasoma haya. Anakuja na barua hii mkononi.

Sasa nikusimulie.

Dukicha alifika na mambo mawili: barua yako kwangu na neno la Bi Tuneya kwa Ami. Mimi nilikuwa bado nasoma, Ami ameshaanza kupakia. Mtumbwi wake mpya hatimaye umepata safari. Nikakimbia kwa Mwana Esha. Akaisoma barua yako akiwa amesimama. Akaniuliza, "Na katika ile barua ya mwanzo, alisema nini kuhusu samaki?" Nikamwambia. Akaikunja barua, akafungua kasha lake la ukunga.

"Nenda ukamwambie ami yako angoje," akasema.

"Mimi?"

"Mimi natafuta mkasi. Nenda."

Dada, unajua nilivyo. Mimi ni mtu wa kumwambia muuza maziwa "kesho" kupitia tundu la mlango. Nilifika gatini nikakuta wanaume wamejaa: Dukicha, wapakizi, muuza ngisi, na wazee wawili waliokuja kuutazama mtumbwi tu. Nikasema, "Ami." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena, na safari hii sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyoipima.

"Kuna nini? Mama yako amezidiwa?"

"Eda ya dada haijaisha."

Wapakizi wakasimama na magunia mabegani. Ami akaliweka gunia chini. "Mama mkwe wake ameleta neno kwamba imekwisha. Wewe la kwako umelipata wapi?"

"Kwa dada mwenyewe. Na chuoni."

"Chuo kimesema nini?"

Nilifikiri atanivuta kando kwanza. Hakunivuta. Basi nikasema. Nilisema hedhi, nilisema doa, nilisema mchana na usiku wake, yote, huku nikilitazama gunia. Mzee mmoja akainua uso akaanza kutafuta mvua mbinguni. Muuza ngisi akawa ana kazi nyingi sana na ngisi wake.

Hapo ndipo Ami aliponishika mkono akanipeleka kando. "Mtoto wewe, mambo haya husemwa mahali kama hapa?"

"Ungeondoka, Ami."

Akautazama mtumbwi wake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Na yule mtu wa Kau nitamwambia nini? Nimeshampa neno."

Nyuma yetu Mwana Esha akajibu, "Mwambie chungu hakijaiva." Alikuwa amefika na kasha lake. "Swaleh, sogeza magunia hayo. Mimi sikai juu ya mtama."

Ami akasogeza magunia. Atakuja, lakini amesema anakuja kuuliza, hachukui mtu.

Kuhusu leso zinazokubana, na usingizi, na samaki, nimemuuliza Mwana Esha anafikiri nini. Amenikataza kuandika. Amesema kuna maneno ambayo mkono lazima uyashike kabla mdomo haujayasema. Kwa hiyo siandiki. Lakini sijalala tangu jana, na mama ananiuliza kwa nini natabasamu ukutani.

Mdogo wako, Mwanaarusi


Wema, tarehe 11 Mfungo Nne 1315

Mwanaarusi, mdogo wangu, mwalimu wangu, salamu ziwajie wewe na mama kutoka chumba cha mbele. Ndiyo, cha mbele. Panya nimewaachia mpunga.

Mwana Esha alishuka kwenye mtumbwi akiwa na hasira ya siku zote za safari. Hakunywa hata maji. Aliwatoa watu wote chumbani, akanilaza, akaniuliza juu ya damu zile, moja moja. Nikamwambia kweli: ya kwanza ilikuwa ya asubuhi moja, ya pili matone, ya tatu unaijua. Hakuna hata moja iliyolala usiku. Kisha akaweka mkono chini ya kitovu.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu lini nini?"

"Mwanahamisi, usinifanye mimi mtoto."

Nikamwambia haiwezekani, miaka minne haikuwezekana. Akasema, "Miaka minne ni ile. Huu ni mwaka huu." Akasema mimba ilikuwapo kabla talaka haijatamkwa. Mji wa mimba ukiwa unajifunga na mgeni wake, wakati mwingine hudondosha kidogo, na mwanamke asiyetumaini huyaita matone hayo siku zake. Mimi ndiye huyo asiyetumaini. Nilikuwa namhesabia mtoto wangu eda.

Na eda ya mwenye mimba haina damu tatu. Ni mpaka azae. Kwa hiyo haikuwa imekwisha. Haikuwa hata imekaribia.

Sikulia. Niliomba chakula.

Bi Tuneya alikuwa ameegemea ukuta kwa nje, kwa hiyo hatukuhitaji kumwita. Aliingia akipiga makofi, "Nilisema mimi! Nilisema tangu mwanzo!" Nikamwambia, "Mama, ulisema kinu kitupu." Akanitazama bila kupepesa. "Nilikuwa nasema na kinu," akajibu, akaenda kunichinjia kuku.

Sasa Komora. Ami Swaleh alikwenda mwenyewe kumwita kwenye mpunga. Alikuja na tope mpaka magotini, akasimama mlangoni, hakuingia. Ami na Dukicha walisimama nyuma yake kama mashahidi. Nilikuwa nimengoja muda wote huo, na alipofika sikutaka kumrahisishia.

"Ndizi zilikuwa nzuri?" akauliza.

"Zilikuwa mbichi."

"Kigoda je?"

"Komora, unakuja kumrejea nani? Mimi, au huyu aliye tumboni?"

Alitazama chini, akakwangua tope gotini. Kisha akasema, "Siku uliyomwambia mama kwamba ya tatu imekuja, nilikwenda Garsen. Kuna shekhe huko. Nilimuuliza kama neno lililochelewa linaweza kufaa bado. Akaniambia halifai. Nikarudi kwa miguu, maji yamejaa kila mahali, sikumbuki nilipita wapi." Akavuta pumzi. "Leo wananiambia halikuchelewa. Nimekurejea, Mwanahamisi."

"Na yule mke wa pili?"

"Mama ndiye aliyemtaka. Amwoe mama."

Dukicha alicheka mpaka akashika ukuta. Ami naye alijaribu kukaza uso wa walii, ukamshinda. Usiku huo wote walikula kuku, nami nikala samaki, bila kusikia harufu yoyote.

Ami ameondoka na Mwana Esha. Mtu wa Kau ameandikiwa radhi. Mwana Esha ameniagiza nisibebe maji wala nisitwange, kwa sababu matone hayo hayakuwa ya kuchezea. Sikudanganyi, Mwanaarusi: naogopa. Safari bado ni ndefu, na wengine wameanguka karibu na mlango. Kila nikiinuka natazama nguo yangu kwanza. Nilimwambia Mwana Esha kwamba tumbo linakua lakini sijasikia kitu ndani yake. Akasema, "Ngoja," akapanda mtumbwini.

Dukicha amenisimulia uliyosema gatini. Ameyasimulia kila nyumba, kila mara ameyaongezea. Hapa Wema sasa unajulikana kama msichana aliyewanyamazisha wanaume wa Kipini. Najua ukisoma hapa unafunika uso. Funika, lakini ujue kwamba kama siku ile ungeona haya, mimi ningekuwa Kau.

Jana nilimpelekea Komora chakula kwenye mpunga. Maji yameshuka, udongo mpya uko wazi, watu wote wako huko wameinama wanapandikiza. Niliingia majini mpaka kwenye vifundo kumpa bakuli, na hapo nikahisi kitu, kidogo, kama samaki anapogusa mguu. Lakini hakikuwa mguuni. Nikasimama palepale.

"Nini?" Komora akauliza.

"Ngoja."

Akaweka bakuli kichwani mwake lisilowe, akanishika kiwiko. Wenzetu wakaendelea kupandikiza, safu yao ikatupita. Tukasimama sisi wawili katikati ya shamba, hatusemi, tunangoja, mpaka mtoto akacheza tena.

Dada yako, Mwanahamisi